Lima

Umeme ulikatika saa saba usiku, Mvumi,
Novemba, mvua bado ni maneno ya redioni.
Jenereta ikakohoa mara mbili, ikasusa.
Mkunga Fetuao akatoka uani kupunga upepo,
nami nikatoka na ndoo yangu ya deki,
maana gizani hakuna sakafu chafu.

Alikuwa na miezi minne kwetu. Kiswahili chake
kilitembea kama ndama aliyezaliwa jana,
kinaanguka, kinasimama, kinajicheka.
Akaniuliza, "Nyendo, bahari iko wapi?"
Nikaonyesha mashariki, kule inakotoka chumvi ya dukani.
"Siku nzima kwa basi. Mimi sijawahi kuiona."
Akanyamaza kama mtu aliyeambiwa
kuna nyumba isiyo na mlango.

Kisha akatazama juu, akakiona kile kishada,
kidogo, kama punje za uwele zilizomwagika.
"Matali'i," akasema. "Macho ya machifu."
"Kilimia," nikasema. "Kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua.
Hicho ndicho kinachotuambia: lima."

Akashtuka. "Lima?"
Akaniwekea kiganja mbele ya uso, vidole vimetanuka.
Kwao lima ni mkono. Kwao lima ni tano.
Najua, maneno hufanana kama watu stendi,
bila undugu, bila kudaiana nauli.
Hata hivyo niliinua changu, chenye sugu za jembe na fagio,
tukabaki hivyo, kumi nzima gizani.

Akanisimulia.
Wazee wake walifunga mitumbwi miwili kwa kamba za makumbi,
wakapakia kuku, machipukizi ya migomba,
magimbi yaliyoviringishwa majani yasionje chumvi,
wakaelekea jua linakotoka, kutafuta kisiwa
ambacho hakuna aliyekuwa amekitaja.
Nahodha alilala chali sakafuni mwa mtumbwi
akisoma mawimbi kwa mgongo.
Nyota alizijua kwa ukoo, huyu mtoto wa yule,
na hakuandika kitu.

Nikamwambia habari za baba,
aliyeswaga ng'ombe usiku kutoka Bahi hadi Manyoni,
akinusa maji kabla ya ng'ombe.
Naye hakuandika kitu. Kalamu aliitumia kuchokonolea sikio.

Alipochuchumaa, gauni lilipanda, nikaona magoti yake:
nyota nyeusi, mistari, miiba midogo,
zote zimegongwa kwa meno ya mfupa na nyundo ya mti.
Wachungaji wa kwanza walisema ni kazi ya shetani.
Bibi yake alichorwa mlango umefungwa, mdomoni kitambaa.
Nikapapasa paji la uso wangu.
La mama lina duara, wembe na masizi.
Langu ni tupu. Mwalimu mkuu alikataa,
na baba akaona ada ni ghali kuliko duara.

Saa kumi mtoto akalia, wa kike, mapafu ya tarumbeta.
Nyanya yake, Mbeho wa Handali,
akaomba kondo akalifukie nyumbani, nyuma ya zizi.
Sheria ya hospitali ni shimo. Mimi ndiye ninayelipeleka.
Fetuao akasimama na beseni, tochi imebanwa kwapani.
"Fanua," akasema, si kwangu, si kwa Mbeho.
Kwao ardhi na kondo ni neno moja.
Lake lilifukiwa Savai'i chini ya mshelisheli,
hatua thelathini kutoka majini.
Kaka yake ameandika: sasa ni kumi na moja.

Akalifunga kwa kipande cha shuka,
mafundo mawili ambayo sijui hadi leo yanafunguliwaje,
akamkabidhi ajuza kwa mikono miwili.
"Lima," akamwambia.
Mbeho hakuuliza lugha gani.

Umeme ulirudi saa mbili asubuhi,
taa zote zikawaka bure juani.
Nikachukua ndoo, nikaanza na wodi ya wazazi.